Kupanga ratiba ya maonyesho na vikao vya wazi vya taarab asilia katika nyumba ya kahawa ya mtaa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupanga jioni za muziki katika nyumba ya kahawa inayoendeshwa na watu wa mtaa wenyewe, yaani mahali ambapo mdila hauondoki juu ya makaa, wazee wanacheza bao na dhumna, na mara moja kwa wiki ala zinatolewa, watu wakapiga na kuimba. Nimeuandika nikiifikiria Unguja, hasa Mji Mkongwe na Ng'ambo, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kazi hii. Hata hivyo, mwenye nyumba ya kahawa Mombasa, Lamu au Tanga ataona kwamba mengi yanamfaa pia.

Nitatumia maneno mawili kwa maana maalumu. Kikao cha wazi ni usiku ambao yeyote mwenye ala au sauti anaruhusiwa kukaa na wenzake akapiga, awe hodari au awe anaanza. Onyesho ni usiku ambao kikundi kimealikwa, kimefanya mazoezi, na wasikilizaji wamechangia kiingilio.

Anza na kikao, onyesho lifuate

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na onyesho kubwa la ufunguzi. Watu hujaa, picha hupigwa, kisha wiki tatu zinapita kimya, na wale waliokuja siku ile hawana sababu ya kurudi. Nyumba ya kahawa haiishi kwa wageni wa siku moja. Huishi kwa watu kumi na watano au ishirini wanaojua kwamba kila Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe, kuna mtu atakayekaza nyuzi za udi na mwingine atakayeuliza, "Tunaanza na ipi?" Watu hao ndio watakaokuwa wapigaji wako mwakani, na ndio watakaowaambia jamaa zao kwamba Jumamosi kuna onyesho linalostahili kusikilizwa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilianza kama chama cha vijana waliopenda muziki na waliokutana ili wajifunze kupiga pamoja. Culture Musical Club, iliyoundwa mwaka 1958, nayo imekuwa klabu kwa maana kamili ya neno hilo, ambako mtu huja jioni kukaa na wenzake hata siku ambayo hakuna onyesho. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, yeye na wapigaji wake walikuwa wamekwisha zoeana kwa kupiga pamoja mbele ya wasikilizaji wa mjini. Kwa hiyo ninashauri vikao vinane au kumi vipite kabla ya onyesho la kwanza. Ukifika hapo utakuwa umejua ni nani anayefika kwa wakati, ni ala gani zinakosekana, na ni nyimbo zipi ambazo chumba kizima kinaweza kuziitikia.

Siku, saa na kalenda mbili

Chagua siku moja ya katikati ya wiki kwa vikao na usiibadilishe. Jumatano inafaa kwa sababu harusi nyingi huangukia mwisho wa wiki, na mpiga fidla au mpiga sanduku (ile besi ya uzi mmoja) mzuri hawezi kuacha malipo ya harusi ili aje kukaa nawe. Kwa onyesho, Jumamosi moja kwa mwezi inatosha kabisa. Nyumba inayojaribu kufanya onyesho kila wiki huchosha wapigaji wake, huchosha majirani, na hatimaye huanza kualika yeyote anayepatikana.

Ratiba isomwe katika kalenda mbili. Mwezi wa Ramadhani muziki unasimama, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Atakayenakili ratiba ya mwaka jana bila kutazama atajikuta ametangaza kikao katikati ya mfungo. Shaabani ni mwezi wa harusi, kwa hiyo wapigaji wa kidumbaki, yaani taarab ya kuchangamka inayopigwa harusini, huwa hawapatikani. Siku za Sikukuu ndizo ambazo watu wametulia, wamevaa vizuri na wanatafuta pa kwenda. Ukipata usiku wa pili au wa tatu wa Idi, utumie kwa onyesho lako bora. Tazama pia Februari, ambapo kwa kawaida hufanyika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Badala ya kushindana nalo, panga kikao cha wazi katika siku hizo, kwa sababu wanamuziki wageni waliomo mjini hupenda kupata mahali tulivu pa kupiga na wenyeji. Mwezi Julai angalia tarehe ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, yaani sherehe za mwaka mpya wa Kiswahili, maana nusu ya watu wako watakuwa shamba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usipange jambo lolote uani bila ya kuwa na chumba cha kukimbilia.

Saa ya kuanza iwe baada ya sala ya Isha, na baada ya watu kupata muda wa kurudi msikitini bila ya haraka. Saa mbili na nusu usiku inafaa mwaka mzima. Kikao kiishe saa nne na nusu, na onyesho lisivuke saa tano. Najua kwamba taarab ya zamani ilikesha mpaka alfajiri, na ninaipenda kumbukumbu hiyo, lakini mtaa wenye watoto wa skuli na wazee wagonjwa hauwezi kukesheshwa kila mwezi.

Namna ya kuitaja siku nayo inahitaji uangalifu ambao wengi hawautilii maanani. Kwa desturi yetu siku huanza magharibi, kwa hiyo mzee akisoma "usiku wa Ijumaa" ataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kijana wa mjini anauita Alhamisi usiku. Andika "Alhamisi jioni, baada ya Isha", na hakuna atakayekosea. Vivyo hivyo, mgeni anayesoma "saa 2:30 usiku" anaweza kuifahamu kuwa ni saa nane na nusu za usiku. Nimewahi kuona watalii wawili waliofika wakati huo wa giza, wakakuta mlango umefungwa na paka watatu barazani. Kama tangazo lako linasomwa na wageni, chora uso wa saa pembeni mwa maandishi, au andika saa ya kizungu chini yake.

Tangazo

Tangazo la mwezi liwe ukurasa mmoja, lieleze vikao kwanza na maonyesho baadaye, na lisiwe na sifa nyingi. Maneno kama "usiku wa kihistoria" hayamwambii mtu kama anaruhusiwa kuja na mtoto. Msomaji anataka kujua siku, saa, mahali, kiingilio, nani anapiga, na kama anaweza kuja na ala yake. Katika mfano ufuatao, maqam ni ngazi ya sauti ambayo wimbo huifuata, kanuni ni ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, na nai ni filimbi ya mwanzi:

"Vikao vya wazi: kila Jumatano jioni, baada ya Isha, saa 2:30 mpaka saa 4:30 usiku. Hakuna kiingilio, kahawa hulipiwa kwa kikombe. Njoo na ala, au njoo kusikiliza. Mwezi huu tunajifunza nyimbo mbili katika maqam ya hijazi. Maneno yake yamebandikwa ukutani. Anayeanza akae safu ya pili, na atasaidiwa.

Onyesho: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, milango inafunguliwa saa 2:00 usiku, muziki unaanza saa 2:30. Sehemu ya kwanza ni udi, kanuni, fidla na nai. Sehemu ya pili ni kidumbaki. Kiingilio shilingi 5,000, watoto bure. Nafasi ni 60. Mlango wa pili na safu za upande wa kulia ni za akina mama."

Libandike ukutani nje ya nyumba na katika vyuo vya muziki. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kina wanafunzi wa ala hizi hizi, na mwanafunzi anayetafuta mahali pa kupiga nje ya darasa ndiye mtu unayemhitaji Jumatano. Mpe nakala kila muuza kahawa anayepita mitaani na mdila wake, kwa sababu yeye hukaa barazani na watu wengi zaidi kwa siku moja kuliko utakaowafikia wewe kwa simu kwa wiki nzima. Ukipita pale Jaws Corner jioni, ambapo watu hukusanyika kunywa kahawa na kuzungumza, utaona jinsi habari inavyosafiri kutoka kikombe hadi kikombe. Ujumbe wa WhatsApp utume mara mbili tu: siku tatu kabla, na asubuhi ya siku yenyewe.

Ruhusa, chumba na majirani

Kabla ya onyesho la kwanza nenda kwa Sheha wa shehia yako, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, ukiwa na ratiba mkononi. Usimwendee siku moja kabla. Mweleze siku, saa ya kumaliza, na idadi ya watu unaowatarajia. Kwa maonyesho yenye kiingilio utahitaji pia kuulizia kibali katika Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, na kwa mambo ya haki za watunzi uende kwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Walio Tanzania Bara waulize BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki), na walio Mombasa au Lamu waanzie katika ofisi za serikali ya kaunti.

Kisha wapelekee majirani kahawa. Nasema hivi kwa dhati, maana jirani aliyeletewa dele la kahawa na sahani ya kashata nyumbani kwake, akaambiwa saa ambayo muziki utaisha, atakuvumilia hata siku ukichelewa dakika kumi. Jirani aliyeusikia muziki kwanza kupitia dirisha lake hatakusamehe.

Nyumba za mawe na chokaa zina mwangwi unaopendeza kwa sauti ya mtu mmoja lakini unaovuruga ngoma. Tandika mikeka na majamvi, tundika vitambaa vizito kwenye kuta mbili zinazotazamana, na acha madirisha ya upande wa uani wazi. Usigongelee misumari ukutani, kwani kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na hubomoka, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Tumia kamba na nguzo za mbao.

Chumba cha watu 50 au 60 hakihitaji spika kubwa. Maikrofoni moja kwa mwimbaji inatosha. Udi na nai zina sauti ndogo, na mara tu kinanda cha umeme na spika mbili zinapoingia, ala hizo zinabaki kuonekana bila ya kusikika. Sina ugomvi na taarab ya kisasa, nayo ina kumbi zake na wapenzi wake. Lakini nyumba ya kahawa ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo mtoto anaweza kukaa hatua mbili kutoka kwenye kanuni akasikia kila uzi, na nafasi hiyo tusiiuze kwa kelele.

Kahawa yenyewe iwe chungu, yenye tangawizi, ikinywewa kwa vikombe vidogo, pamoja na kashata, tende au halua. Seredani iwekwe nje ya chumba cha muziki kwa sababu ya moshi na joto. Mgawaji asipite wakati mwimbaji yumo katika ubeti; asubiri kibwagizo au mwisho wa wimbo. Mchezo wa dhumna usogezwe barazani usiku huo, kwa heshima, na wachezaji waambiwe mapema.

Jambo la wanawake lisiachwe lijipange lenyewe. Baraza za kahawa kwa mazoea zimekuwa za wanaume, ilhali taarab hii ilikuzwa na sauti za wanawake, kuanzia Siti binti Saad hadi Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, na leo tuna kikundi cha wanawake watupu kama Tausi. Weka mlango wa pili kama upo, tenga safu za mbele na si za nyuma, maliza kwa saa uliyoitangaza, na mtafute mwanamke mpigaji awe mmoja wa viongozi wa kikao. Hili la mwisho ndilo linalofanya kazi kuliko mengine yote. Nyumba niliyokuwa nikisaidia ilikaa miezi minne bila ya mwanamke hata mmoja kushika ala, mpaka bibi mmoja mpiga ngoma ya dumbaki alipokubali kuongoza Jumatano moja, na wiki iliyofuata walikuja wasichana watano.

Namna ya kuendesha kikao cha wazi

Kila kikao kiwe na kiongozi mmoja, naye si lazima awe mpigaji bora. Anatakiwa awe mtu anayejua nyimbo nyingi, anayesikiliza, na anayeweza kumwambia mzee kwa adabu kwamba zamu yake imekwisha. Wapigaji wakae nusu duara, wasikilizaji wafunge upande wa pili. Udi, kanuni na fidla viwe katikati, nai karibu na wasikilizaji, midundo nyuma, na besi au sanduku pembeni. Safu ya pili, nyuma ya wapigaji, ni ya wanaojifunza. Wapige kwa sauti ya chini, wafuate mikono ya walio mbele, na wakishaujua wimbo wasogee mbele.

Kulinganisha sauti kunachukua muda mrefu kuliko mgeni anavyodhani. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa kwa mafungu ya nyuzi tatu tatu, na unyevu wa pwani huzilegeza kila siku. Mpigaji wake afike saa nzima kabla. Kama kodiani, yaani kinanda cha kuvuta kwa mikono, ipo, ala zote zilinganishwe nayo, kwa sababu yenyewe haiwezi kukazwa wala kulegezwa papo hapo. Mpiga fidla aliyejifunza kizungu aulizwe kama anaweza kukaza nyuzi zake kwa mtindo wa Kiarabu, ambamo nyuzi mbili za juu huteremshwa ili zifanane na mbili za chini. Akiwa hawezi, apige alivyozoea, asibughudhiwe.

Kodiani inaleta suala jingine ambalo kiongozi lazima alijue kabla ya kuchagua nyimbo. Kodiani ya kawaida haina robo sauti, yaani zile sauti zinazoangukia kati ya vibonyezo vyake. Maqam kama rast na bayati hutegemea robo sauti hizo, na fidla, udi na nai zinaweza kuzitoa, lakini kodiani itagongana nazo kwa namna ambayo hata asiyejua muziki ataihisi. Kwa hiyo, siku ambayo kodiani ipo na wanaoanza ni wengi, chagua nyimbo za nahawandi, ajam au kurdi, na hijazi zile ambazo hazitoki nje ya njia zilizozoeleka. Nyimbo za rast na bayati ziwekewe nusu saa yake, kodiani ikinyamaza au ikishika sauti ya msingi peke yake. Wapiga kodiani wazuri hawachukii jambo hili. Wengi wao watakuwa wa kwanza kulipendekeza.

Kila mmoja apate zamu ya kuchagua wimbo, kwa kufuata duara. Mwenye zamu ataje wimbo, mtunzi kama anamjua, maqam na mdundo, kisha apige au amwombe mwenzake apige takasim fupi ya nusu dakika, yaani utangulizi wa ala moja unaobuniwa papo hapo, ili masikio yote yapate pa kusimama. Hapo dumbaki inaingia, muziki wa mwanzo unapigwa mara mbili, na mwimbaji anaanza. Baina ya beti, kile kipande cha muziki kirudiwe mara mbili badala ya moja, ili wanaojifunza wakipata. Mwenye zamu ndiye anayeamua mwisho, na ishara iwe moja kwa wote: kunyanyua shingo ya udi, au mkono juu kwa mwimbaji.

Midundo iwekewe mpaka. Dumbaki moja na riki (tari ndogo yenye vibati) moja kwa wakati mmoja zinatosha. Wengine wasubiri zamu au wapige makofi. Naelewa kwamba anayetaka kujiunga kwa haraka huona ngoma kuwa ndiyo njia rahisi, lakini dumbaki nne zikipigwa pamoja chumbani, mwimbaji hufungwa mdomo na wapiga nyuzi huondoka mmoja mmoja. Mwambie anayeanza kwamba ashike cherewa, yaani manyanga ya kutikisa, kwanza, kwa wiki tatu au nne, ajifunze kushika mwendo bila ya kukimbia, kisha apewe dumbaki.

Nusu saa ya mwisho iwe ya kidumbaki. Hapa ala hubadilika: fidla inabaki, linaingia sanduku lenye mti na uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, ngoma ndogo mbili za kidumbaki, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa. Nyimbo huunganishwa moja baada ya nyingine bila ya kusimama na mwendo huzidi kuchangamka, kwa hiyo ukiianza mapema hutaweza kuwarudisha watu kwenye wimbo wa taratibu. Wapigaji wa kidumbaki wamezoea harusi, wana nguvu nyingi, na mara nyingi wanajua nyimbo kuliko wapigaji wa jukwaani. Wapewe heshima hiyo waziwazi, wasiwekwe mwisho kama watu wa kufungia shughuli tu. Mara moja katika miezi mitatu wape kikao kizima.

Usiku wa onyesho

Alika kikundi wiki sita kabla, na mkubaliane kwa maandishi mafupi: saa ya kufika, urefu wa sehemu mbili za muziki, mgawanyo wa fedha, chakula cha wapigaji, na usafiri wa kurudi nyumbani usiku. Hilo la usafiri husahauliwa sana. Mpiga besi hawezi kupanda daladala saa tano usiku na ala iliyomzidi kimo, na ukimwacha akahangaika hatakuja tena.

Dakika kumi za mwanzo zipewe wanafunzi wa kikao cha wazi. Wimbo mmoja au mbili, uliofanyiwa mazoezi mwezi mzima, mbele ya chumba kilichojaa, ndio malipo yao. Baada yao kikundi kifungue kwa bashrafu, ambayo ni muziki mtupu usio na maneno, kwa sababu unatuliza watu na kuwapa wachelewaji nafasi ya kukaa. Nyimbo nzito za mashairi zikae sehemu ya kwanza, wakati masikio hayajachoka. Mapumziko yawe dakika ishirini, ya kutosha kwa kahawa duru mbili.

Mshereheshaji aseme machache. Ataje wimbo na mtunzi wake, na kama shairi lina fumbo, asilifumbue. Wasikilizaji wetu huja kwa ajili ya fumbo hilo, na mtu aliyekaa kando ya mwenzake akimnong'oneza, "Umeyasikia hayo?" amepata alichokifuata. Kwa wageni wasiojua Kiswahili, andaa karatasi yenye maana ya jumla ya kila wimbo kwa mistari miwili.

Kutunza kupangiwe utaratibu. Ni desturi njema kwamba msikilizaji aliyeguswa na ubeti anyanyuke akamtunze mwimbaji, na sitaki nyumba yoyote iizuie. Lakini uliza kikundi mapema kama tunzo ni za mwimbaji peke yake au ni za wote, kwa kuwa vikundi hutofautiana, kisha weka sinia mbele ya jukwaa ili fedha zisianguke chini na njia ya kwenda na kurudi iwe wazi. Kuhusu simu, tangaza mwanzoni kwamba picha zinaruhusiwa katika nyimbo mbili za kwanza tu, na kwamba kurekodi wimbo mzima kunahitaji idhini ya kikundi. Usiweke rekodi ya onyesho mtandaoni kabla ya wapigaji kuisikiliza na kukubali.

Fedha

Hesabu ifanywe usiku ule ule, mbele ya kiongozi wa kikundi. Tuseme wamekuja watu 60, kila mmoja ametoa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 300,000. Mgawanyo ninaoupendekeza ni asilimia 70 kwa wapigaji, yaani 210,000, asilimia 15 kwa umeme, usafi na usafiri, yaani 45,000, na asilimia 15 zilizobaki, 45,000 nyingine, kwa mfuko wa nyuzi. Mauzo ya kahawa yabaki kwa nyumba. Kama watu ni wachache, wapigaji walipwe kwanza na mfuko usubiri.

Mfuko wa nyuzi ni wa kununulia nyuzi za udi, kanuni na fidla, na ngozi za dumbaki. Udi wa kawaida una nyuzi 11, na nyuzi nzuri haziuzwi katika kila duka la mjini. Mara nyingi huagizwa kwa mtu anayesafiri Maskati, Dubai au Cairo. Mwanafunzi ambaye uzi wake umekatika na hana pa kuupata huacha kuja, na hatasema sababu. Udi mmoja wa nyumba, uliokazwa vizuri na unaoazimwa kwa wiki moja moja, utakuletea wapigaji wapya kuliko tangazo lolote.

Mwisho kuna daftari. Kila Jumatano na kila onyesho, mtu mmoja aandike tarehe, nyimbo zilizopigwa, watunzi, maqam, na beti ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mzee akiimba ubeti ambao wengine hawaujui, asikatizwe. Akimaliza, aletewe kahawa, na mwenye daftari akae karibu yake amwombe aurudie polepole. Daftari hilo ndilo utakalolifungua mwishoni mwa mwezi ukitafuta nyimbo mbili za kujifunza mwezi ujao, na hapo uandike tangazo jipya, ulibandike kabla ya Jumatano ya kwanza.